Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya vinasaba vya watu wa kale: uzoefu wangu, Arusha

Naongoza watalii, na tukifika Olduvai swali haliniishi: huyu Zinj, jamaa wa kale wa binadamu ambaye fuvu lake lilipatikana hapo, alikuwa na rangi gani? Kwa miaka mingi nilijibu kwa kuwaonyesha picha ya kuchorwa. Ilinikera. Ndiyo maana nikalipia kozi hii, shilingi 60,000, bando juu yangu.

Somo la tatu peke yake limenirudishia hela yangu. Linahusu Wadenisova, watu waliotoweka, tuliowajua mwaka 2010 kupitia kipande cha mfupa wa kidole cha msichana kutoka pango la Denisova, Siberia. Kidole tu! Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem wakachunguza alama za kikemia kwenye vinasaba vyake, zile zinazoonyesha jeni ipi ilizimwa na ipi iliwaka, wakakadiria mifupa yake: fuvu pana, nyonga pana, taya refu. Kwanza waliipima njia yenyewe kwa Waneanderthali, watu wengine wa kale waliotoweka, na sokwe, ambao mifupa yao tunayo, ikapatia kwa takriban asilimia 85. Mwaka 2025 fuvu la Harbin, China, likatambuliwa kuwa la Mdenisova. Ni pana kwelikweli. Video hiyo nimeirudia mara tatu.

Somo la rangi ndilo lililoniudhi. Linasema Waneanderthali walikuwa na nywele nyekundu, basi. Utafiti wenyewe wa mwaka 2007 ulitokana na mabaki ya watu wawili, mmoja wa Hispania na mwingine wa Italia, na ulisema huenda baadhi yao walikuwa hivyo. Wawili hawawezi kusemea watu walioishi mamia ya maelfu ya miaka. Mteja aliyelipa anastahili kuambiwa hivyo. Manukuu ya Kiswahili nayo ni ya mashine. Nyonga imeandikwa makalio, nikaishia kuyazima.

Kuhusu Zinj, jibu nimelipata. Vinasaba vya kale zaidi vya jamii ya binadamu vilivyosomwa vina miaka kama 400,000, kutoka pango lenye ubaridi huko Hispania. Zinj ana milioni 1.75, tena katika joto letu, linaloharibu vinasaba. Rangi yake haisomeki, na sasa wageni nawaambia hivyo bila kuona haya, halafu nawasimulia habari za kile kidole.

Waongozaji wenzangu, ichukueni. Pakueni video usiku, bando ni nafuu.