Diski ya terabaiti 4 kwenye king'amuzi chetu cha Tabata: uzoefu wangu wa miezi 14

Diski niliyoinunua Kariakoo ilikuwa imeandikwa terabaiti 4 ubavuni, lakini nilipoichomeka kwenye king'amuzi ilisomeka terabaiti 2 tu, na kwa siku tatu niliamini kwamba nimeuziwa bidhaa feki. Nilimrudia muuzaji nikiwa na risiti mkononi. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akaitazama, akaniambia, "Dada, diski ni nzima, namna ilivyogawanywa ndiyo inayokula nusu." Alikuwa sahihi, ingawa ni yeye huyo huyo aliyenifomatia siku ya kwanza. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote anayefikiria kuweka diski kubwa kwenye king'amuzi na kuitumia kwa nyumba nzima, kwa sababu mambo yaliyonisumbua hayamo katika kijitabu cha maelekezo kilichokuja na diski.

Tunakaa Tabata, nyumba ya vyumba vitatu, na runinga ziko mbili: ya sebuleni na ya chumbani kwa mama. King'amuzi chetu ni cha setilaiti, cha chaneli za bure, nacho kinaendeshwa na mfumo endeshi wa Linux pamoja na programu ya Enigma2, ile iliyoanzia kwenye ving'amuzi vya Dreambox. Nilikichagua makusudi. Ving'amuzi vingi vya malipo hufunga rekodi zake kwa namna ambayo ukiihamisha diski kwenda kwenye kifaa kingine hazifunguki, wakati mimi nilitaka kilichorekodiwa sebuleni kitazamwe chumbani, kwenye kompyuta mpakato na hata kwenye simu.

Kabla ya hapo nilikuwa na diski ya zamani ya gigabaiti 500 iliyofomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye diski. Mfumo huo hauruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4. Nilirekodi mechi ya Taifa Stars kwenye chaneli yenye picha ya HD, inayotumia takriban megabiti 8 kwa sekunde, na rekodi ikakatika baada ya dakika 71, kipindi cha pili kikiwa kimepamba moto. Nilidhani umeme umekatika nikiwa kazini, kumbe ni hesabu tu: megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti moja (baiti moja ni biti nane), yaani gigabaiti 3.6 kwa saa, na kwa mwendo huo faili hufika kikomo chake muda mfupi baada ya saa moja. Ukiona rekodi zako zinakatika karibu na muda ule ule kila mara, anza kwa kukagua mfumo wa diski kabla hujamwita fundi wa dishi.

Tatizo la terabaiti 2 linafanana na hilo, ila linatoka kwenye jedwali la mgawanyo wa diski. Jedwali la zamani, MBR, huhesabu vipande vya diski kwa namba ya biti 32, na kwa kuwa kila kipande huhesabiwa kuwa baiti 512, hesabu yote hukomea kwenye baiti trilioni 2.2. Kinachozidi hapo hakionekani kabisa, hata kama umekilipia. Dawa yake ni GPT, jedwali jipya lisilo na kikomo hicho. Sikuhitaji kompyuta, kwa kuwa king'amuzi chenyewe kina sehemu ya kuandaa diski katika menyu ya mipangilio, nacho kilipogundua ukubwa wake kilitumia GPT na kuifomati kwa ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, bila kuniuliza. Zoezi hilo hufuta kila kitu, kwa hiyo lifanye diski ikiwa tupu. Baada ya hapo ilisomeka 3.6, nami sikurudi tena Kariakoo, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa elfu na king'amuzi huhesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo huongezeka kadiri diski inavyokuwa kubwa.

Upande wa mtandao ndio uliochukua wikendi zangu nyingi. Nilikuwa na gigabaiti 600 za video kwenye kompyuta, zikiwemo mikanda ya harusi, sendofu na kitchen party za familia nilizozihamisha kutoka kwenye DVD. Nilianza kuzituma kwa Wi-Fi, na kasi ikawa megabaiti 3 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kazi ingechukua zaidi ya siku mbili mfululizo, tena pasipo kukatika hata mara moja, jambo ambalo kwa Wi-Fi ya megahezi 2,400 katika mtaa wenye ruta kila nyumba na kuta za matofali ya saruji sikulitarajia. Nilinunua waya wa mtandao wa Cat5e wa mita 20, fundi akaupitisha juu ya dari kutoka kwenye ruta hadi nyuma ya runinga, na kasi ikapanda hadi megabaiti 11. Kazi iliisha kwa saa 15.

Hapo nikakutana na ukuta mwingine ambao waya hauwezi kuuvunja. Mlango wa mtandao wa king'amuzi changu ni wa megabiti 100, na megabiti 100 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde hata mambo yakienda vizuri kabisa. Diski yenyewe ina uwezo mara kumi ya huo, lakini mlango ni mwembamba. Kwa ile kasi yangu ya megabaiti 11, kujaza terabaiti moja kupitia mlango huo ni zaidi ya siku nzima. Kwa kutazama, hata hivyo, sijawahi kuhisi upungufu wowote, kwa sababu picha ya megabiti 8 inahitaji sehemu ndogo tu ya njia hiyo, na tumewahi kutazama vitu vitatu tofauti katika vyumba vitatu, huku cha nne kikirekodiwa, bila picha kuganda. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua ni kama utakuwa unatazama zaidi au unahamisha mafaili zaidi. Ukiwa ni mtu wa kuhamisha, tafuta king'amuzi chenye mlango wa gigabiti moja.

Kompyuta yangu ya Windows ilikataa kabisa kukiona king'amuzi katika mtandao. Programu ya zamani ya king'amuzi ilizungumza SMB1 peke yake, lugha ya zamani ya vifaa kushirikishana mafaili kwenye mtandao, na Windows 10 iliacha kuiweka lugha hiyo kama kawaida kuanzia toleo la mwishoni mwa mwaka 2017. Mafundi wengi watakushauri uiwashe tena. Mimi nakusihi usifanye hivyo, maana virusi vya WannaCry vya mwaka huo vilisambaa kupitia udhaifu uliokuwa katika SMB1. Nilisasisha programu ya king'amuzi na tatizo likaisha. Pia nilikiwekea anwani ya kudumu kwenye ruta, ili umeme ukirudi kila kifaa kikikute pale pale.

Na umeme ndilo jambo ambalo ningelitanguliza kama ningeanza upya. Mwanzoni niliazima kwa wiki moja diski ndogo ya mfukoni, ile isiyo na adapta. Ilipokuwa inaanza kuzunguka ilitoa sauti ya tik, tik, tik, ikanyamaza, ikaanza tena, na jina lake likawa linajitokeza na kupotea kwenye runinga. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu, nayo ilihitaji zaidi ya hapo wakati wa kuanza. Ndiyo sababu nilinunua diski kubwa ya inchi 3.5 yenye adapta yake ya volti 12. Tangu hapo sauti ile sijaisikia tena.

Adapta hiyo, hata hivyo, inategemea soketi ya ukutani. Katika mvua za masika umeme ulikatika mara nne jioni moja, na mara ya tatu rekodi iliyokuwa ikiendelea ilibaki faili lisilofunguka. Mengine yote yalisalimika, kwa kuwa ext4 huweka kumbukumbu ya kazi iliyoianza na kuimalizia au kuifuta diski inapowaka tena, lakini usiku ule nilikaa mbele ya runinga nikifungua video za harusi moja baada ya nyingine kuhakikisha ziko. Kesho yake nikanunua UPS ndogo, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika. King'amuzi, diski na ruta kwa pamoja hazifiki wati 40, kwa hiyo hata UPS ya kawaida inazibeba kwa takriban nusu saa, na muda huo hututosha kumalizia taarifa ya habari ya saa mbili usiku inayorekodiwa au kuzima kila kitu kwa utaratibu.

Joto nalo lisidharauliwe hapa kwetu. Diski ilipokuwa ndani ya kabati la vioo, juu ya king'amuzi, ilifika nyuzi 52, ilhali diski nyingi za aina hii zimewekewa kikomo cha nyuzi 60. Niliitoa ikae nje, pembeni, ikashuka hadi 44.

Mama yangu ndiye mtumiaji mkubwa kuliko sote. Diski ikiwa imelala huchukua sekunde kama kumi kuamka, naye mara za kwanza alidhani runinga imeganda, akabonyeza rimoti mpaka kila kitu kikajifunga. "Mwanangu, njoo, limekataa tena." Niliongeza muda wa diski kulala kutoka dakika 10 hadi saa moja, na malalamiko yakapungua sana. Sasa anajua orodha yote, na jioni nikirudi namkuta anatazama sendofu ya dada yangu, akiwataja majina wanawake wa mstari wa mbele mmoja mmoja.

Diski iligharimu shilingi 320,000, na ukijumlisha waya na UPS gharama inasogelea nusu milioni. Kwa nyumba yetu naona imestahili. Zimebaki gigabaiti 1,140, na sitazijaza kwa sasa, kwa sababu fedha ya mwezi ujao nimeitenga kwa diski ya pili ya kuweka nakala za ile mikanda ya familia. Vipindi vya runinga vitarudiwa, lakini DVD za zile harusi zimeshachubuka na baadhi hazisomeki tena.