Kupe ya mtumba: shida ni gari au gereji?

Nguvu za farasi na kasi ya kupe yangu, yaani gari la kifahari la milango miwili nililolinunua mtumba, sizigusi, hayo kila mtu anayakuta akitafuta. Mimi naongelea kompresa. Kompresa ya springi za hewa, kidubwasha ambacho kwa muda mrefu sikujua hata kimejificha wapi kwenye gari langu, na sasa nakijua kuliko ninavyomjua jirani yangu.

Kwa wasiojua: baadhi ya kupe za kifahari hazikai juu ya springi za chuma. Kila tairi limebeba mfuko wa mpira uliojaa hewa, na kompresa ndiyo inayoijaza. Gari likiwa jipya ni raha tupu, mashimo unayasikia kwa mbali tu. Likishazeeka, mpira unakauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo pale unapojikunja. Hewa inatoka polepole. Unaliacha jioni limesimama wima, asubuhi unalikuta limeinama pembe moja. Unawasha, linajiinua, unashukuru Mungu unaondoka. Kumbe kompresa ndiyo inayoumia. Imetengenezwa ifanye kazi kwa vipindi vifupi ipumzike, sasa inalazimika kujaza mfuko unaovuja mchana kutwa. Inapata moto mpaka inaungua, na mara nyingine rilei yake, ile swichi ya umeme inayoiwasha, inakwenda nayo.

Kwa hiyo siku gari langu lilipolala kabisa, tairi la mbele kushoto limezama ndani ya madigadi hata kidole hakipenyi, nililipeleka kwenye gereji ya watu wanaojiita mabingwa wa magari ya aina hii, nikasema jambo moja: jamani, tafuteni kwanza panapovuja, mtalipima lini? Lilifika juu ya bredauni, haliwezi hata kukata kona. Kijana wa mapokezi akalizunguka mara moja, mikono mfukoni, simu bado iko sikioni. Alipomaliza maongezi yake akaniambia, "Bosi, magari haya si ya mtu wa kuuliza bei."

Sikuwa nimeuliza bei! Nilikuwa nimeuliza watalipima lini.

Nikameza. Wakalipima kwa kompyuta, kompyuta ikasema presha haitoshi, wao wakasema basi kompresa. Nikawauliza, na mifuko je? "Kompyuta haijataja mifuko." Hapa ndipo damu inanichemka hadi leo. Kompyuta ya gari haina macho. Inajua presha haipandi, haijui kama haipandi kwa sababu pampu imechoka au kwa sababu kuna tundu. Hiyo ndiyo kazi ya fundi! Ingekuwa inatosha kuchomeka waya na kusoma maandishi, ningelinunua hilo dude mwenyewe nikakaa nalo nyumbani.

Wakafunga kompresa mpya. Gari likainuka, likapendeza. Haikuchukua muda likaanza tena kuinama kona ile ile, na kompresa mpya ikawa inaunguruma hata nikiwa nimezima injini. Nikapiga simu. Yule yule kijana. Akaniambia labda naliendesha vibaya, labda napita matuta kwa fujo. Mimi! Ninayepita tuta kimshazari, kwa mwendo wa konokono. Nilipolirudisha, kompresa ilikuwa imeshaungua, na jibu likawa kwamba kifaa cha umeme kikishafungwa hakina garantii. Kwenye risiti hakuna neno hilo. Niliisoma mbele yake, mstari kwa mstari, yeye anachati.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja ambaye gereji yake haina hata kibao. Nilimwamkia, akaitikia, akachukua chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni. Akaniambia, "Mwanangu, kompresa imekufa, tulijaze hewa kwa pampu yangu nitazame." Akajiinamia chini ya madigadi na tochi, akapuliza kwenye mkunjo wa mpira, tukasubiri. Mapovu yakaanza kutoka, madogo, yamejipanga kwenye mstari mmoja mwembamba wa ufa ambao bila sabuni usingeuona kamwe. Kazi imekwisha. Kwa maji ya sabuni! Akanishauri nibadilishe mifuko miwili ya mbele kwa pamoja, kwa kuwa imezaliwa siku moja na wa kulia hauko mbali. Nilikubali, na huo ndio ushauri pekee katika sakata hili lote niliolipia kwa moyo mweupe.

Wapo watakaosema ng'oa mifuko, weka springi za kawaida. Inawezekana, na wanaouza vifaa huweka na kijidude cha kuziba mdomo taa ya onyo. Ila ukishafanya hivyo umelinunua la nini? Ulaini ule ndio nusu ya gari.

Sasa nikishakasirika hivi naona kila kitu chake kibaya, mniwie radhi. Milango mirefu kama ya ghala, ukiegesha katikati ya magari mawili unatoka kwa kujikunja. Viti vya nyuma ni vya mkoba. Matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, hivyo ule ujanja wa kuyahamisha yachakae sawasawa haupo. Tena yamelazwa kidogo kwa ndani ili gari lishike barabara, basi yanalika upande usiouona: nje unaona tairi zima, ndani nyuzi zinachungulia. Pitisheni mkono ndani kabla hamjalipa muuzaji. Betri nayo, kwenye baadhi ya magari haya, ukibadilisha lazima kompyuta ijulishwe kuwa imepata mpya, la sivyo inaendelea kuichaji kama ile kuukuu.

Na oili. Langu ni V8, yaani silinda nane zilizopangwa safu mbili kwa umbo la V, yenye turbo mbili za kuisukumia injini hewa, na waliolichora wakaona turbo hizo zikae katikati ya V, juu ya injini. Joto la pale halisemeki. Mipira, mipaipu na plastiki zote za jirani zinakauka mapema, gasketi zinaanza kutoa jasho la oili. Ukilalamika kwamba linakunywa oili, wanakufungulia kitabu. Watengenezaji kadhaa huona sawa tu injini ikinywa hata karibu lita 1 kwa kilomita 1,000. Yaani ugonjwa umeandikwa kama tabia.

Linalowaponza wengi ni bei ya kununulia. Magari haya yanashuka thamani vibaya sana, mpaka unalikuta sawa na gari la kawaida jipya. Spea hazikushuka. Zimebaki pale pale alipoziacha tajiri wa kwanza, na mfuko mmoja wa hewa haujui kwamba wewe ni mwenye gari wa tatu.

Mtaniuliza, basi mbona huliuzi. Kwa sababu tangu mzee amalize kazi, kuna asubuhi barabara inakuwa nyeupe, injini imeshapata joto, unakanyaga kidogo tu, sauti inatoka nyuma, mwili unabanwa kwenye kiti, na lori lililokusumbua muda wote limeshabaki kwenye kioo cha nyuma. Hapo nasamehe. Nasamehe milango, matairi, hata oili nasamehe. Yule kijana simsamehi.

Kwa hiyo hukumu yangu: gari zuri, nunueni, lakini muwe mmeshampata fundi kwanza. Hapana, ngoja. Nunueni kama mna gari jingine la kuendea kazini. Maana hata mzee wa sabuni ana foleni, na spea ikiagizwa unakaa kuisubiri huku gari limelala.

Kompresa iliyoungua ipo kwenye buti pamoja na risiti yake, na bado nadai. Wakinirudishia hela nitaongeza nyota moja, ya gereji. Gari lenyewe linapata nne. Au tatu, jana taa ya oili imewaka tena.