Etsy kwa sisi wa kazi za mikono: soko lipo, ila ushuru wa meza unauma

Wadau, nauza mikoba ya kufuma kwa uzi kwenye Etsy, lile soko la mtandaoni, kwa muda sasa na kila wiki kuna mtu ananiuliza inboksi "dada vipi, kule inalipa?" kwahiyo leo namwaga yote hapa, atakayeuliza tena namtumia hii hii.

Nianze na zuri lao. Soko hili lipo toka 2005 na mtu anayeingia pale anajua kabisa anatafuta kitu cha mkono, huanzi kumweleza kwanini mkoba wako ni ghali kuliko wa kiwandani. Huku kwenye kurasa za picha unapata laiki kibao, watu kumi wanauliza bei, ukiwajibu kimya kama umewatukana. Etsy bei ipo inaonekana, mtu analipa au anapita zake, basi. Kufungua duka nako sio kazi ya kumtafuta fundi, unajaza mwenyewe hatua kwa hatua.

Sasa tuje kwenye makato maana hapa ndo watu wanalia. Unasikia senti 20 za dola kuweka bidhaa moja, inakaa miezi minne, unasema aah kumbe rahisi hivi. Subiri uuze. Kamisheni ni asilimia 6.5 na wanaikata mpaka kwenye hela ya usafirishaji uliyomtoza mteja, alafu kuna makato ya malipo ambayo yanategemea nchi, kwa Marekani ni asilimia 3 na senti 25 juu. Chukua mkoba wa dola 20 na usafiri dola 5, jumla 25: kamisheni 1.63, malipo 1, senti 20 za kuuweka, umeshaachia kama dola 2.83. Hapo bado vizuri. Ila kama mteja alibofya tangazo lako ambalo Etsy wamelirusha nje, kwenye mitandao mingine, na akanunua ndani ya siku 30, wanakata asilimia 15 nyingine, yaani dola 3.75. Toa usafiri, toa uzi wa dola 4, unabaki na dola 9 na kitu kwa mkoba niliokaa nao masaa matano mgongo unauma. Piga hesabu mwenyewe ni ngapi kwa saa.

Hayo matangazo ya nje unaweza kuyazima kama mauzo yako hayajafika dola 10,000 kwa mwaka, na unayazima kwenye mipangilio, hakuna atakayekukumbusha. Ukishavuka hapo huna ujanja, unabaki nayo ila ile asilimia 15 wanashusha iwe 12. Na ile kamisheni ya asilimia 6.5 ilikuwa 5 mpaka Aprili 2022, na kabla ya 2018 ilikuwa 3.5, walivyopandisha ile 2022 wauzaji wengi walifunga maduka kwa wiki nzima kugoma. Haikushuka.

Mwanzoni mi bei nilikuwa naangalia jirani anauza ngapi, nashusha kidogo. Ujinga mtupu. Saivi naanza na uzi, masaa, makato yote hadi yale ya tangazo, ndo naandika bei, na cha kushangaza mauzo hayakupungua, wanaotaka cha bei rahisi kumbe hawakuwa wateja wangu toka mwanzo.

Kilichobadilisha duka langu lakini sio Etsy wenyewe, ni picha. Nilikuwa napiga usiku nikimaliza kufuma, chini ya taa ya chumbani, uzi mweupe unatoka njano kama meno ya mvuta sigara, mteja mmoja akapokea mkoba akaandika "rangi sio niliyoona" na alikuwa na haki kabisa. Nikahamia dirishani asubuhi, karatasi nyeupe kubwa upande wa pili irudishe mwanga, picha ya kwanza mkoba uko begani kwa mtu ili ukubwa uonekane, nyingine nimeusogelea hadi unaona fundo la mwisho lilivyofichwa ndani. Hiyo ya fundo ndo watu wanaitaja wakiandika maoni, sikutegemea.

Tagi, yaani maneno unayoibandikia bidhaa ili mtu akitafuta aione, zipo 13, kila moja mwisho herufi 20. Usijaze "mkoba", "mikoba", "mkoba mzuri", hakuna anayetafuta hivyo. Fikiria mtu anaandika nini akiwa na shida yake: zawadi ya mama, mkoba wa ufukweni, begi la sokoni.

Ninachowalaumu kweli ni kuchanganya mchele na chuya. Toka 2013 waliruhusu muuzaji kutumia viwanda vya nje kutengeneza bidhaa zake, na sasa unakuta mkoba wako umewekwa pembeni ya kitu ambacho macho tu yanakwambia ni cha mashine, kwa nusu ya bei. 2024 wameleta lebo za kuonyesha kitu umekitengeneza, umekibuni au umekitafuta tu, ni hatua, ila mnunuaji mwenye haraka hasomi lebo.

Alafu ujue mteja ni wa kwao. Huruhusiwi kumvuta aliyekukuta pale akulipe pembeni, wala kuchukua imeili yake ukaanza kumtumia matangazo bila ridhaa. Kwahiyo mi ndani ya kifurushi naweka kadi ndogo yenye jina la duka na jinsi ya kufua mkoba. Kadi ya kufulia haitupwi hovyo, inabandikwa mahali.

Nawapa nyota tatu na nusu. Kuna mkoba wa kijani miezi yake minne inaisha wiki ijayo na haujauzwa, bado najiuliza kama natoa senti 20 nyingine au naufumua nianze upya.