"Njoo inboksi": soga ya siri ipi uitolee hela kama uko kwenye mitandao iliyogatuliwa

Mfanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, akiweka picha ya mzigo wake mtandaoni, chini yake hakosi kuandika "bei njoo inboksi". Ana sababu. Bei ya dagaa haitulii: mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika nchi kavu na bei inapanda, giza likirudi mzigo unamiminika kutoka visiwani na bei inashuka. Mteja wa Kongo ana bei yake, wa Dar ana yake. Hiyo bei ikimfikia mtu wa tatu, hasara unaiona siku hiyo hiyo.

Mimi kazi yangu ni simu, Makoroboi. Baadhi ya wateja wangu wamehamia mitandao iliyogatuliwa, ile isiyo na mwenye nyumba mmoja: seva, yaani kompyuta zinazotunza na kupitisha meseji, ni nyingi, kila moja ina mwenyewe, na zote zinaongea. Mama mmoja alinijia akitaka nimfungulie akaunti huko. Nilipomweleza habari ya seva akauliza: "Mwanangu, na huyo mwenye seva naye anaiona bei yangu inboksi?" Nikamjibu, "Akitaka anaiona, mama." Simu yake ilikuwa bado ina magamba ya dagaa kwenye kioo. Akaifuta kwa kanga, akaiweka mezani, akaniambia nitafute njia nyingine.

Nimezipima njia hizo kwa mambo matatu: ufunguo wa meseji anao nani, bando linaisha kwa kasi gani, na simu ikipotea unabaki na nini. Nianze na zilizoshika mkia, kwa kuwa ndizo watu wengi wanazo tayari.

Mastodon, mmoja wa mitandao hiyo, iliyoanzishwa na Eugen Rochko mwaka 2016, haina soga ya kweli ya wawili. Unachoita meseji ya siri ni chapisho la kawaida lenye ruhusa ya kusomwa na waliotajwa tu. Halikufungwa kwa ufunguo, kwa hiyo msimamizi wa seva yako na wa seva ya mwenzako wote wanaweza kulisoma. Hatari zaidi ni hii: ukimtaja mtu wa tatu kwa anwani yake ndani ya meseji hiyo, mtandao unamhesabu kuwa naye ameandikiwa, na meseji inamfikia. Umemsema mtu, na yeye anasoma. Bluesky, mtandao mwingine wa aina hiyo, iliongeza meseji za wawili Mei 2024, lakini hazikai pamoja na machapisho yako kwenye mfumo ulio wazi. Zinakaa kwa kampuni yenyewe, na ufunguo haukai kwenye simu yako. Zote mbili zinafaa kwa salamu na kupeana anwani. Bei, namba ya akaunti ya benki au habari ya ugonjwa, usiweke huko.

Nostr, nao mtandao uliogatuliwa, naipita haraka. Njia yake ya zamani ya meseji ilificha maneno lakini ikaacha wazi nani anamwandikia nani na saa ngapi. Ipo njia mpya inayofunika hata hayo, ila lazima programu zenu zote mbili ziwe zinaijua, na kumfundisha mteja jambo hilo akiwa anapakia magunia ni kazi.

Nafasi ya kwanza naipa XMPP, mfumo wa soga, na sioni haya kwamba ni teknolojia ya tangu 1999. Anwani yake inafanana na ya barua pepe: jina, alama ya @, seva. Seva yoyote inaongea na nyingine, kama mitandao ile. Kwenye Android chukua Conversations. Kwenye Play Store inauzwa, unalipa mara moja tu, na ukiitoa F-Droid, duka la programu huria, ni bure, programu ile ile. Ukiweza kulipia, lipia, maana aliyeitengeneza anakula kwa kazi hiyo. Wa iPhone wachukue Monal. Kufuli lake linaitwa OMEMO, lililozaliwa 2015: kila simu inatengeneza funguo zake, na seva inabeba furushi isiloweza kulifungua. Inachojua seva ni mambo ya nje, kama fulani kaandikiana na fulani, saa ngapi, na orodha ya watu wako. Kabla ya kutuma chochote tazama alama ya kufuli karibu na sehemu ya kuandikia. Kama haipo, bonyeza uiwashe.

Kwa bando letu hakuna inayoizidi. Maandishi yanapita hata kwenye mtandao dhaifu, na simu ya RAM ndogo haishikwi na kigugumizi.

Na hapa ndipo hela yako inapokwenda. Seva za watu wengine za bure zipo, lakini kikundi cha watu kumi au ishirini kinaweza kukodi seva yake kwa kama dola 5 kwa mwezi na kuweka Prosody, programu ya kuendesha seva ya XMPP, au Snikket ambayo imerahisishwa kwa watu wasio mafundi. Prosody ni nyepesi mno, RAM ya MB 512 inaitosha. Wagawane watu ishirini, kila mmoja anatoa robo dola. Malipo yanakubali kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kupitia pesa ya simu. Juu yake kuna jina la tovuti, linalolipwa kwa mwaka. Jambo moja kwa atakayekuwa msimamizi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kutunza taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ulizia mapema kama kikundi chako kinahusika.

Kuunganisha na Mastodon ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Wasifu wako kule una visehemu vinne vya kujaza utakacho. Kimoja andika "Soga", mbele yake anwani yako ya XMPP. Mteja akiona picha ya dagaa, anaingia kwenye wasifu, ananakili anwani, mnahamia kwenye chumba chenye kufuli. Mkikutana ana kwa ana, pigianeni picha za msimbo wa QR, simu kwa simu. Yule mama alifanya hivyo na mnunuzi wake juu ya meza ya dagaa, yeye kashika simu, mnunuzi kainamisha ya kwake hadi msimbo ukasomeka. Kuanzia hapo mtu akijifanya ndiye mnunuzi kwa simu nyingine, programu inamuonyesha kuwa hajathibitishwa.

Delta Chat ni ya pili, na kwa mtu asiyetaka kuendesha seva ningeiweka ya kwanza. Inasafiria mfumo wa barua pepe lakini kwa macho ni soga ya kawaida. Unafungua akaunti bila namba ya simu, unamwalika mwenzako kwa QR, mmemaliza. Hulipi kitu. Inavumilia mtandao wa kukatikakatika, kwa sababu barua pepe tangu mwanzo iliundwa kungoja. Upungufu wake ni mkubwa mmoja: mtu akiiba ufunguo wako leo na alikuwa amehifadhi meseji zako za zamani zikiwa zimefungwa, anaweza kuzifungua. OMEMO imezuia hilo.

Matrix, na programu yake Element, ni ya tatu. Ilianza 2014, na tangu 2020 soga za faragha zinafungwa zenyewe bila kuuliza. Serikali ya Ufaransa imejengea juu yake programu ya watumishi wake, Tchap. Uzuri wake ni historia: ukipata simu mpya na una ufunguo wa akiba, meseji za zamani zinarudi. Kama nyie ni ofisi, mnatumia kompyuta na mnahitaji kumbukumbu, ipandisheni iwe ya kwanza. Kwa mtu wa Mwaloni ni nzito, kwenye simu na kwenye seva pia. Synapse, programu ya kuendesha seva ya Matrix, ukiipa chini ya GB 2 za RAM utakuwa unaiamsha kila mara.

Signal siipangi, kwa sababu haijagatuliwa: seva ni za shirika moja Marekani. Lakini kufuli lake ni imara, na OMEMO yenyewe imejengwa kwa mbinu ile ile. Inadai namba ya simu kujisajili, na kwetu laini imefungwa na alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Tangu Februari 2024 unaweza kutumia jina badala ya kumwonyesha mwenzako namba. Kama siri yako ni ya watu wawili tu na hujali mitandao hii, itumie, ulale.

Sasa simu kupotea. Dada yangu aliidondosha ya kwake majini akishuka kwenye boti Nansio, kisiwani Ukerewe. Hakuwa na nakala popote, na madeni ya wateja wa miezi minne yalikuwa kwenye soga. Conversations ina sehemu ya kutengeneza nakala inayofungwa kwa nenosiri. Itengeneze kila wiki, ihamishie kwenye memori kadi au simu ya mtu wa nyumbani. Delta Chat nayo ina sehemu ya kutoa nakala. Ufunguo wa akiba wa Matrix uandike kwenye daftari la mauzo, usiupige picha kwa simu ile ile.

Kabla kikundi hakijalipia mwaka mzima, lipeni mwezi mmoja na mfanye jaribio hili: mmoja apande meli ya kwenda Ukerewe, na katikati ya ziwa, mtandao ukiwa umekata, aandike meseji tatu na sauti moja. Akifika Nansio simu ikishika mtandao, zote nne zifike Kirumba zenyewe, kwa mpangilio, bila yeye kugusa kitu.