Adapta ya Wi-Fi ya sh 15,000 kwenye Raspberry Pi 2: uzoefu wangu

Nina steshenari ndogo Majengo, Moshi. Printa yangu ni ya leza, inatumia waya wa USB tu, na inakaa chumba cha nyuma kwa sababu mbele hakuna nafasi. Nilikuwa na Raspberry Pi 2, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, niliyoachiwa na rafiki aliyehamia Dar, nikaamua ipokee kazi za printa kupitia CUPS, programu ya Linux ya kusimamia uchapishaji, ili laptopu ya kaunta na simu zichapishe bila mtu kukimbia na flashi nyuma na mbele. Kikwazo ni kwamba Pi 2, toleo la mwaka 2015, haina Wi-Fi ndani yake. Wi-Fi ya kuzaliwa nayo ilianza na Pi 3, mwaka 2016. Rauta iko mbele, na kutoboa ukuta wa mwenye nyumba ili nipitishe waya sikuthubutu. Namjua yule mzee.

Basi nikanunua adapta ya USB mjini, jirani na stendi, kwa sh 15,000. Ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Boksi limechorwa ngwini wa Linux na kuandikwa 150 Mbps. Ndani mna kisidii, na Pi haina hata mahali pa kukiingiza. Nilipokifungua kwenye kompyuta ya jirani nikakuta draiva (programu za kuiwezesha kompyuta kutumia kifaa) za kerneli, yaani kiini cha Linux, toleo la 2.6 hadi 3. Pi yangu ilikuwa na 6.6.

Nikachomeka, sikuona mtandao wowote. Hapo ndipo nilipokosea, na lilikuwa kosa langu mwenyewe: nilihitimisha papo hapo kwamba draiva hakuna. Nikaandika `lsusb`, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, ikanipa namba 0bda:8179. Nusu ya kwanza ni ya mtengenezaji wa chipu, ya pili ni ya chipu yenyewe, nayo ni RTL8188EUS. Namba hiyo ndiyo ya kuitafuta mtandaoni, siyo jina lililo kwenye boksi, maana maboksi mawili yenye jina moja yanaweza kuficha chipu tofauti.

Nikapata maelekezo ya zamani: shusha msimbo wa draiva, uujenge mwenyewe, halafu uizuie draiva ya kerneli isiingiliane nayo. Nikaipeleka Pi mbele, nikaifunga kwa waya kwenye rauta, nikaanza. Mara ya kwanza ikakataa, kwa sababu faili za heda, zinazohitajika kujengea draiva, hazikulingana na kerneli iliyokuwa ikifanya kazi. Nilikuwa nimeapdeti bila kuwasha upya. Mara ya pili ikajenga taratibu mno, na mpwa wangu anayenisaidia dukani akawa anapita kila baada ya dakika chache: “Mjomba, bado tu?” Mwisho wa maelekezo niliambiwa nifungue `raspi-config`, menyu ya mipangilio ya Pi, niweke nchi, TZ. Nikaweka, Wi-Fi ikashika. Nikajisifu sana. Draiva yangu hiyo!

Wiki tatu baadaye nikaapdeti tena, kerneli mpya ikaingia, na wlan0, jina la Wi-Fi ndani ya Linux, ikapotea kabisa. Ilikuwa siku mbaya. Mwalimu mmoja alikuwa kaunta akisubiri mitihani ya darasa la nne, nakala nyingi, na anasema kwa upole unaokera, “Mangi, taratibu tu, mimi sina haraka,” huku anaangalia saa.

Usiku huo nikakaa chini kwa utulivu. `lsusb -t` ilionyesha kifaa kipo, ila mahali pa draiva palikuwa patupu. Draiva niliyoijenga ilibaki kwenye kerneli ya zamani, kwa sababu sikuisajili na DKMS, programu ambayo kazi yake ni kuijenga upya kila kerneli inapobadilika. Nikawa karibu kurudia kazi yote. Kwa bahati nikaandika kwanza `modinfo rtl8xxxu`, amri ya kuuliza habari za draiva ya jina hilo. Kumbe kerneli inayo draiva yake, na tangu toleo la 6.3 inaitambua chipu hii. Mbona basi haiingii? Nikafungua folda ya /etc/modprobe.d, nikakuta mstari nilioandika kwa mkono wangu kwa kufuata yale maelekezo ya zamani: `blacklist rtl8xxxu`, yaani draiva hiyo isipakiwe. Mwenye duka kafunga mlango, kisha analalamika wateja hawaji.

Nikaufuta ule mstari, nikawasha upya, wlan0 hiyo. Ndipo nikaelewa pia siku ya kwanza kulikuwa na nini. Raspberry Pi OS huiziba Wi-Fi mpaka uiambie uko nchi gani, kwa kuwa kila nchi ina kanuni zake za masafa. Na ilinieleza! Kila nilipoingia ilitoa ujumbe kwamba Wi-Fi imezuiwa na rfkill, swichi ya Linux ya kuzima na kuwasha Wi-Fi, weka nchi. Niliupita kama watu wanavyopita vigezo na masharti. `rfkill list` ingenimalizia kazi kwa dakika moja.

Kukabaki ugonjwa mmoja, kukatika katika. Mtu akituma faili kubwa, Wi-Fi inaanguka. Hili nililigundua haraka kwa sababu nilikuwa nimeshaacha kuisingizia draiva. `dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, ilijaa neno Undervoltage, na `vcgencmd get_throttled`, amri ya kuuliza hali ya umeme wa Pi, ikajibu 0x50005, maana yake umeme ni mdogo sasa hivi na ulishakuwa mdogo kabla. Nilikuwa naiwasha kwa chaja ya simu ya zamani ya ampea 1 na waya mrefu mwembamba. Pi 2 inashauriwa ipewe ampea 1.8. Nikanunua chaja ya 2.5 na waya mfupi mnene, jibu likawa 0x0.

Dogo la mwisho: adapta ilikuwa imejibanza nyuma ya printa. Nikaiwekea waya wa kurefusha USB, nikaitundika juu ya rafu, mawimbi yakapanda kutoka -78 hadi -61 dBm (namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi).

Sasa ni mwezi wa nne haijaanguka. Kasi niliyopima ni megabiti 25 hivi kwa sekunde, mbali sana na 150 ya boksi, na inashika 2.4 GHz tu, lakini PDF ya mitihani haihitaji zaidi. Naipa nyota nne. Ile ya tano imebaki kwenye kisidii. Mwenye pesa ya kununua Pi 3 na kuendelea asihangaike na adapta. Mwenye Pi 2 kabatini kama mimi, anunue, ila chaja aipe bajeti kwanza. Kwangu chaja na waya vilikula sh 18,000, zaidi ya adapta yenyewe.