Unison: mafaili niliyoyafuta sasa hayafufuki

Nina mashine mbili ninazozitumia kila siku, laptopu yenye Debian na kompyuta ya mezani yenye FreeBSD (mifumo endeshi yote miwili), na kazi zangu zote zimo kwenye folda moja iitwayo kazi. Nilichokitaka si kikubwa: nikiinuka hapa nikakaa pale, nikute kila kitu kama nilivyokiacha. Ilinichukua miezi kukipata, kwa programu ya kusawazisha mafaili iitwayo Unison, na sehemu kubwa ya miezi hiyo niliipoteza kwa ubishi wangu mwenyewe.

Ubishi wenyewe ulikuwa wa rsync. Programu hii ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, na kwa kazi iliyokusudiwa sijaona ya kuifikia: faili kubwa likibadilika kidogo, inapeleka vipande vilivyobadilika tu. Ila kazi hiyo ni kutoa huku na kupeleka kule, njia moja. Mimi nikaona nitaizunguka. Nikaandika skripti (orodha ya amri) ya mistari miwili, wa kwanza unapeleka kutoka laptopu kwenda mezani, wa pili unarudisha, yote kwa -au ili faili jipya lisifunikwe na la zamani. Wiki ya kwanza nilijiona fundi.

Wiki ya pili nikafuta folda ya rasimu za zamani kwenye laptopu. Nikaendesha skripti, folda ikarudi. Nikafuta tena, ikarudi tena. Nilidhani nimekosea amri, kumbe skripti ilikuwa inafanya kile kile nilichoiambia. rsync inaangalia kilichopo sasa pande zote mbili, basi. Ikikuta faili liko mezani na kwenye laptopu halipo, haina namna ya kujua kama limezaliwa kule au limefutwa huku, kwa sababu haikumbuki jana palikuwaje. Nikaongeza --delete, inayofuta kule kisichopo huku, kwenye mstari wa kwanza. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo: ripoti niliyoiandika mezani kwa siku 2, ambayo laptopu haikuwa imeiona bado, ilifutwa kabla mstari wa pili haujapata nafasi ya kuirudisha.

Na bado. Betri ndogo ya ubao mama wa ile ya mezani imechoka, kwa hiyo nikiizima usiku, asubuhi inaamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Chaguo la -u linategemea tarehe ya faili. Kazi ya asubuhi nzima ikaonekana ya kale, ikafunikwa na toleo la wiki iliyotangulia.

Ndipo nikahamia Unison. Imetokana na kazi ya Benjamin Pierce wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake, imeandikwa kwa OCaml, lugha ya kuandikia programu, na ni ya bure. Tofauti yake na rsync ni moja tu, nayo ndiyo yote: inakumbuka. Kila mashine inaweka, ndani ya folda iliyofichwa ya .unison, kumbukumbu ya hali waliyokubaliana mara ya mwisho. Safari inayofuata kila upande unajilinganisha kwanza na kumbukumbu yake. Faili lililokuwamo na sasa halimo, limefutwa, na upande wa pili nao unalifuta. Lisilokuwamo na sasa limo, ni jipya. Likibadilika pande zote mbili, haibahatishi, inakuuliza.

Kuiweka si kugumu, ila njia ina mashimo. La kwanza halikuwa la Unison bali la ssh, njia ya kuingia mashine nyingine kupitia mtandao. Nilitengeneza ufunguo, wa kuingilia bila nenosiri, kwa ssh-keygen -t ed25519, nikaupeleka kwa ssh-copy-id, na bado mezani ikawa inaniomba nenosiri kila mara. Nusu saa nzima nahariri faili la mipangilio. Jibu lilikuwa kwenye /var/log/auth.log: folda yangu ya nyumbani ilikuwa inaruhusu kikundi kuandika ndani yake, na sshd, programu inayopokea wageni wa ssh, ikikuta hivyo inaukataa ufunguo bila kukwambia lolote upande wa pili. Nilipoandika chmod g-w ~ kuiondoa ruhusa hiyo, ikafunguka pale pale.

Shimo la pili ni matoleo. Laptopu ilikuwa na 2.48, mezani 2.51, na hayo mawili hayaelewani kabisa. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, maana hata toleo la OCaml lililotumika kuijenga programu lilibidi lilingane. Kuanzia 2.52, la mwaka 2022, usumbufu huo wa OCaml umeondolewa. Endesha unison -version pande zote mbili kabla hujagusa kitu kingine.

Faili langu la mipangilio ni hili:

root = /home/mimi/kazi
root = ssh://mezani//home/mimi/kazi
times = true
ignore = Name *.swp
ignore = Name .git

Ile mikwaju miwili (//) baada ya mezani si kosa la uchapaji. Ukiweka mmoja, inahesabu njia kuanzia folda yako ya nyumbani. Na times usiisahau, maana bila hiyo tarehe za mafaili hazihamishwi. Folda za .git nimeziweka kando kwa makusudi. Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi, ina njia zake za kusafirisha, na kuzisawazisha kwa programu nyingine ni kutafuta mchanganyiko.

Safari ya kwanza inachosha. Kumbukumbu haijakuwepo, kwa hiyo kila faili linalotofautiana pande mbili linahesabiwa mgongano. Unaona alama <-?-> katikati ya mstari, unabonyeza > au < kuchagua upande, d kuona tofauti, / kuliruka. Nilikaa jioni nzima. Safari za baada ya hapo zinaisha kabla sijafunga mkoba.

Kuna chaguo la -batch linaloendesha bila kuuliza na kuiacha migongano kama ilivyo, hilo sina neno nalo. Lakini ukiona mtu anakushauri uongeze prefer = newer (lenye tarehe mpya zaidi lishinde) ili migongano ijitatue yenyewe, kumbuka betri yangu. Umerudi kuitegemea tarehe ya faili.

Ninachokilalamikia: ujumbe wake wa makosa umeandikwa kwa watu wanaoijua tayari, na mwongozo ni mrefu kuliko uvumilivu wangu. Pia isikudanganye kwamba ni nakala rudufu. Ukifuta kwa bahati mbaya, inafuta kule kwa utiifu ule ule. Nakala zangu bado nazitengeneza kwa rsync, kwenda kwenye diski ya tatu, njia moja, kazi aliyozaliwa nayo.

Kwa upande wa ulinzi, siku moja iliniokoa. Folda ya kazi upande wa mezani inakaa kwenye diski yake yenyewe, na siku hiyo diski ilikuwa haijapandishwa, yaani mfumo ulikuwa haujaiunganisha. Folda ikawa tupu. Programu nyingine ingeona nimefuta kila kitu, ikafuta na laptopu. Unison ilisimama, ikasema upande mmoja umemalizwa wote, ikataka nithibitishe kwanza. Nikaikatisha, nikapandisha diski, nikaanza upya.

Betri bado sijaibadilisha. Jana mezani iliamka na tarehe yake ya ajabu, nikaandika kurasa 3 kabla sijagundua, nikaendesha Unison nikiwa nimeshika roho. Ikaonyesha faili 1 lililobadilika, mshale ukielekea laptopu, bila swali.