Jino la mzee lililooza: kupaka dawa ya fedha au kuziba kwa mkono?

Fizi za mzee zikishashuka, meno huoza kwenye mizizi, na kahawa chungu ya Mombasa haishuki bila haluwa. Dawa za presha nazo huweza kukausha mate, na mate ndiyo kinga. Bila mashine ya kutoboa, kuna njia mbili.

Ya kwanza ni dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, asilimia 38. Daktari anakausha jino, anapaka kwa kibrashi kama dakika moja, basi. Hakuna sindano. Fedha huua bakteria, floraidi hukaza jino. Lakini sehemu iliyooza inabaki nyeusi tii, hata usugue vipi, na shimo liko palepale, chakula kitanasa. Kwa kawaida hurudiwa kila miezi sita.

Ya pili, uozo unakwanguliwa kwa vyombo vya mkono, shimo linazibwa kwa sementi ya meno iitwayo glasi ayonoma. Rangi hukaribia ya jino, ila mgonjwa hukaa ameachama muda mrefu zaidi, na sementi huweza kung'oka.

Bibi asiyetoka kitandani ningempaka fedha. Jino la mbele, tena kuna harusi Jumamosi? Sementi. Likiwa linauma usiku kucha au limetunga usaha, hakuna inayofaa kati ya hizi.